Mgeni Anayekula Kwanza

Kitendawili hicho Tarald alikitega kila mkesha wa Krismasi, kabla kijiko hakijagusa bakuli: nina mgeni habishi hodi, hula kabla ya mwenye nyumba, na akishiba hulipa kwa kucheza ngoma uani. Miaka arobaini na mmoja alikitega, na miaka arobaini na mmoja Gunnvor mkewe alijifanya hajui, akaombwa mji, akautoa, kisha wote wawili wakageuza shingo dirishani kulitazama jibu likidonoa shayiri juu ya nguzo.

Mwaka huu hakikutegwa. Tangu kiharusi kimwangushe shambani mwezi wa Agosti, kinywa cha Tarald hakikutoa kitu ila pumzi, na mkono wake wa kulia ulilala mapajani kama mzigo alioachiwa na mtu amshikie. Asubuhi hiyo alikuwa amekalishwa kwenye kiti chake kando ya dirisha la jikoni, blanketi magotini, na mbele yake amepiga goti muuguzi wa halmashauri, binti wa mjini aitwaye Torunn, na kijiko cha uji wa mchele.

"Haya babu, fungua. Kidogo tu."

Alisema kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Mdomo ukabaki umefungwa. Akajaribu kwa pembeni. Uji ukateleza kwenye ndevu, ukashuka hadi kwenye kitambaa alichofungwa shingoni kama mtoto anayeota meno. Gunnvor alikichukua kitambaa akazipangusa zile ndevu polepole, mpaka zikakauka. Mwanamume huyu maisha yake yote hakumfungulia mlango hata mleta barua bila kwanza kuchana ndevu.

"Babu, leo ni siku gani? Nionyeshe hata kwa kichwa."

Tarald alimtazama, kisha macho yake yakapita juu ya bega la binti yakaenda dirishani, yakatulia huko. Torunn alingoja kidogo, akavuta karatasi zake mezani, akatia alama.

Halafu akaeleza alichokuja nacho. Kitanda kimepatikana kwenye nyumba ya wazee, kilomita sitini kutoka hapo, na kisipochukuliwa baada ya sikukuu atapewa mwingine. Alikuwa msichana mpole, na maneno hayo aliyatoa moja moja kama anayetoa miiba.

"Kimepatikana kwa sababu mwenyewe amekufa," Gunnvor alisema.

Torunn akatazama viatu vyake. Aliuliza mzee alikula nini jana, akaambiwa samaki na viazi viwili. "Na leo hata kijiko kimoja," alisema. "Bibi Gunnvor, mtu akianza kukataa chakula, hiyo ndiyo dalili tunayoiogopa. Si hasira. Ni kwamba hajui tena kijiko ni kitu gani."

"Anajua."

"Anajua nini, Bibi?"

Hapo Gunnvor alibaki na kile kitambaa mkononi, akakikunja mara nne. Torunn akasema ana wagonjwa wengine bondeni, atapita tena saa nane na nusu akielekea kwao, na kama mzee atakuwa bado hajala, karatasi za kitanda atazijaza hapo hapo mezani. Tena akaongeza, kwa wema kabisa, kwamba kule Bibi atapumzika.

Gunnvor alikuwa ameiona nyumba hiyo Oktoba. Ni safi. Dirisha la chumba liko juu sana, mtu aliyeketi huona mbingu peke yake, na akiinuliwa huona magari yameegeshwa.

* * *

Gari la muuguzi lilipokwisha kushuka mlima, Gunnvor aliweka kigoda pale pale alipopigia goti binti, akaketi, akainama mpaka macho yake yakawa usawa wa macho ya mumewe. Alitaka kuona anachokiona. Mwanamke aliyeishi na mtu miaka arobaini na mmoja huwa amesahau kutazama anakotazama mwenzake.

Alichokiona ni nguzo yao. Juu yake ulisimama mganda wa shayiri alioupandisha mwenyewe alfajiri, ameufunga utepe mwekundu. Katika mabonde yale ya Norwei mganda husimamishwa uani asubuhi ya mkesha, na katika nyumba zinazoshika mambo ya zamani hakuna anayekula mpaka ndege wa kwanza amedonoa. Mganda ulikuwa mzuri, mnene, umejikunjua kama nywele za bibi harusi. Na hapakuwa na ndege hata mmoja.

Ng'ambo ya ua, juu ya ghala la jirani yao Embrik, mganda mwingine ulikuwa hauishi kutikisika. Vifua-vyekundu, vindege vya kofia nyeusi, shomoro wa manjano, wote walikuwa huko wakigombana kama wanawake kwenye mnada.

Gunnvor alikumbuka kwamba yeye mwenyewe hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana usiku, wala hakuwa amefikiri kwa nini. Mwili tu ulikuwa unangoja, kwa mazoea. Sasa huyu mzee, ambaye karatasi inasema hajui siku, alikuwa anafanya nini alipofunga mdomo?

"Kumbe unawangoja," alimwambia.

Tarald hakugeuka. Jicho lake lilikuwa kwenye nguzo.

Alitoka bila koti. Alimwaga makombo ya mkate kwenye theluji, yakalala pale, hakuna aliyeyajali. Akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akavuta suke moja, akalisugua viganjani. Likatoka ganda jepesi, likapeperuka. Akavuta la pili, la tatu. Shayiri ni mnafiki: punje hudondoka, ganda lake likabaki linaning'inia, na kwa mbali utadhani limeshiba. Alikuwa ameukata mganda kwa mkono wake, akaukausha, akaupamba, akawawekea ndege sahani tupu.

Wapi alikosea hakujua. Kazi hiyo ilikuwa ya Tarald kila mwaka, peke yake na mundu wake. Na wa kumuuliza alikuwa mmoja tu, naye ni mtu wa mwisho ambaye angependa kubisha kwake.

* * *

Embrik aliuza miganda. Kila Desemba lori lilikuja kuichukua kwenda Oslo, imefungwa utepe na kadi ndogo yenye picha. Miaka minane nyuma, dukani, mbele ya nusu ya kijiji, Tarald alimwambia kwamba mtu anayeuza chakula cha ndege kesho atamuuzia mamake kivuli cha nyumba. Watu walicheka mpaka muuza duka akaegemea mizani. Tangu siku hiyo wanaume hao wawili walisalimiana kwa kukohoa tu.

Embrik alifungua mlango nusu. Nyuma yake ilitoka harufu ya mbavu za nguruwe zinazookwa na kelele za wajukuu. Hakusema karibu. Gunnvor alisimama ngazini, theluji ikimwingia buti, akasema alichokijia: anaomba mganda mmoja, atalipa bei ya Oslo.

"Mganda," Embrik alisema. "Nyumba ya Tarald inataka mganda wa dukani."

"Inataka mganda wenye punje, Bwana Embrik. Wetu umetoka mtupu."

"Ulikata lini?"

"Wiki ya mwisho ya Septemba. Niliporudi kutoka hospitali."

Embrik alicheka kwa pua. "Shemeji, mganda wa ndege hukatwa bua likiwa bado na ukijani, ndipo punje hushika. Wewe umengoja umeiva kama wa kusaga. Mumeo hakukufundisha? Yeye si ndiye profesa wa ndege?"

"Hakunifundisha," alisema Gunnvor. "Alidhani atakuwepo."

Embrik alikuna shingo. Alisema miganda imekwisha yote, lori lilibeba hata ile iliyopinda, na shayiri yake nyingine ilikwenda kiwandani tangu Oktoba. Uliobaki ni ule wa juu ya ghala. Gunnvor akamwomba konzi moja tu ya huo. Aliomba bila kushusha macho.

"Mganda ukishasimama haupunguzwi, shemeji. Unajua. Ukiupunguza umepunguza mwaka wa nyumba. Nina wajukuu humu ndani." Kisha ile ya miaka minane ikamponyoka kabla hajaimeza: "Mwambie Tarald aje aniombe mwenyewe."

Kelele za wajukuu ziliendelea. Embrik alitazama mkono wake juu ya kitasa kama vile ndio uliosema.

"Anakaa dirishani," Gunnvor alimjibu. "Tangu asubuhi hajala, anawangoja wageni. Saa nane na nusu muuguzi anarudi, na kama bado hajala, wanamchukua baada ya sikukuu. Ningemleta aje kukuomba, lakini kumvusha sebule tu hutuchukua robo saa." Akageuka. Alikuwa ameshuka ngazi mbili Embrik alipomwita.

"Shemeji. Punje haipai angani. Tazama chini ya ulipouning'iniza."

Mlango ukafungwa. Gunnvor hakutazama nyuma. Aliondoka kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli, na kweli alikuwa nayo.

* * *

Ghalani alipiga magoti chini ya boriti alipoukaushia mganda. Panya walikuwa wamefika kabla yake, wamejihudumia na kuacha vinyesi vyao, lakini katikati ya mbao, katika nyufa pana kama kidole, punje zilikuwa zimejipanga kama zimefichwa kwa makusudi. Alizitoa kwa sindano ya kufumia. Magoti yake, yenye miaka sabini na miwili, yalimwambia la kwao, naye hakuyasikiliza. Alipepeta kwenye sinia, akatoa uchafu wa panya mmoja mmoja, akapata konzi tatu kasoro. Shayiri ya shamba lao wenyewe, iliyopandwa na Tarald mwezi Mei kwa mikono miwili.

Wakati wa kuichomeka kwenye mganda haukuwepo. Jua la mwezi huo halina urafiki na mtu. Saa tisa ndege wamekwisha kulala. Ndipo akakumbuka kitu kingine alichosahau. Kila mwaka Tarald alifagia duara chini ya nguzo, upana wa meza ya watu sita, mpaka nyasi zikaonekana. Alisema ndege ni kama binadamu, akipata uwanja wa kucheza hula zaidi. Gunnvor alikuwa akimcheka.

Alichukua ufagio wa fito akafagia. Theluji ilikuwa na ganda gumu juu, akaivunja kwa koleo kwanza, kisha akafagia tena, kutoka katikati kwenda nje, kama alivyomwona akifanya. Jasho lilimtoka katika baridi ya kugandisha ndoo. Alipomaliza, duara lilikuwa limepinda upande mmoja kama chapati ya mwanafunzi. Alizimwaga punje zote katikati, akaingia ndani, akabandika uji upate moto tena, akakaa karibu na mumewe.

"Nimefagia," alimwambia. "Usiangalie ule upande wa kushoto."

Saa nane ikapita. Duara jeusi, punje juu yake, na kimya. Kwa Embrik karamu iliendelea. Nani ataacha mlima wa chakula kwenda kwa konzi tatu?

* * *

Saa nane na nusu Torunn aliingia na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki. Gunnvor alimwonyesha pa kusimama, nyuma ya pazia, akamwambia asitikisike.

"Amekula?"

"Bado. Tunangoja."

"Tunangoja nini, Bibi?"

Kabla hajajibiwa, kitu cheusi na cheupe kilitua nguzoni: kunguru wa mkia mrefu, mwenye maringo. Alishuka duarani, akanyakua punje. Gunnvor akainua kijiko haraka hadi kwenye mdomo wa mumewe.

Mdomo haukufunguka. Tarald alitoa sauti puani, ya dharau tupu, na Gunnvor akakirudisha kijiko bakulini akiwa karibu kucheka. "Umesema kweli. Huyo hahesabiwi. Mwizi si mgeni." Aligonga kioo, kunguru akaondoka zake.

Torunn aliwatazama hawa wazee wawili. Alikaa mezani taratibu, akatoa kalamu. "Bibi Gunnvor, mimi lazima nifike kwetu. Naomba unielewe."

"Nakuelewa, mwanangu. Nipe mpaka kiza."

Ng'ambo ya ua mlango ulifunguka. Embrik alitoka akiwa amevaa shati jeupe la sikukuu, gunia tupu la viazi begani. Aliegemeza ngazi kwenye ghala lake, akapanda, naye ni mtu mzito, ngazi ikapinda. Juu kabisa alilikunjua lile gunia, akauvika mganda wake kuanzia kichwani hadi shingoni, akafunga kwa kamba. Ndege waliruka wote kwa pamoja, kama mtu amekung'uta kitambaa cha meza. Embrik akashuka, akasimama chini ya ngazi, ameipa mgongo nyumba ya Tarald, mikono mfukoni.

Gunnvor alielewa. Kuupunguza mganda ni mwiko. Kuufunika, hakuna mzee aliyewahi kusema neno.

Ndege walizunguka mara mbili. Wakatua kwenye mti uliokuwa kati ya nyumba mbili, wakalalamika. Kisha mmoja, shomoro wa manjano, kichwa kama ua la malenge, akajitupa chini, akatua ukingoni mwa lile duara lililopinda. Akaruka hatua mbili kwenda mbele, moja nyuma, mbili mbele, miguu pamoja, kama wanavyofanya. Akadonoa.

"Sasa muulize siku," Gunnvor alisema.

"Nilimuuliza asubuhi."

"Ulimuuliza kwa lugha ya karatasi. Ngoja nimuulize kwa lugha ya nyumba hii." Alifuta mikono kwenye aproni. Hakuwahi kukitega yeye hata mara moja, na sauti ilimtoka kama ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. "Kitendawili, mume wangu. Nina mgeni habishi hodi. Hula kabla ya mwenye nyumba. Na akishiba hulipa kwa kucheza ngoma uani."

Mkono wa kushoto ulitoka chini ya blanketi. Ulipanda polepole, na kidole kimoja kikagusa kioo, sawasawa pale shomoro alipokuwa.

Kisha Tarald akafungua mdomo.

Alikula kijiko cha kwanza, cha pili. Cha tatu kilipofika alikisukuma kwa ule mkono mzima, akakigeuza, akakielekeza kwa mkewe, akakishikilia hapo mpaka naye akala. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasemavyo watu. Na wenyeji walikuwa wawili.

Torunn alikuwa amesimama. Aliichukua karatasi ya asubuhi, akaifuta alama ile kwa mistari miwili, akaandika upya, polepole. "Hapa wanauliza kama mgonjwa anatambua siku."

"Andika ameitambua tangu alfajiri. Tuliosahau ni sisi."

Binti akaandika. Alisema kitanda ataagiza apewe mwingine, ila Januari atarudi kuangalia, na Februari pia, na mambo yanaweza kubadilika. Hawezi kumdanganya Bibi.

"Usinidanganye. Njoo tu. Kwa hodi au bila hodi."

Alimpakulia naye bakuli, na Torunn, aliyekuwa na haraka, akaketi akala.

Kiza kilikuwa kinashuka Gunnvor alipochukua bakuli la nne kutoka kabatini. Alilijaza uji, akachimba shimo katikati, akatia siagi, akanyunyiza mdalasini, akalifunika kwa sahani. Alivuka ua, akaukuta mguu wa ngazi bado una mtu. Embrik alikuwa amekwisha kuuvua mganda wake, na gunia alikuwa ameshika mkononi kama kofia.

"Hilo la nani, shemeji?"

"La mwenye gunia. Tarald amesema ule lingali moto."

"Amesema?"

Gunnvor aligeuka kutazama dirisha la jikoni kwake. Embrik naye akatazama. Taa ilikuwa imewashwa, na kidole cha Tarald kilikuwa bado kwenye kioo, kinahesabu wageni mmoja mmoja kama alivyohesabu kila mwaka: waliobaki duarani, walio nguzoni, walio mtini. Kikavuka ua, kikafika kwa Embrik, kikasimama. Halafu kikagonga kioo mara moja, naye akahesabiwa.